Mezo na Pasipoti

Mezo-soprano ni sauti ya kike iliyo kati ya soprano na kontralto. Katika uhakiki wa opera hupimwa kwa vitu viwili: koo la mwimbaji na pasipoti ya mhakiki. Janet Baker, mezo mzaliwa wa Yorkshire mwaka 1933, kwa Waingereza hana mfano. Utulivu wake huitwa kina huko London, na ubaridi ng'ambo ya bahari. Sauti ya kifua ya Mrusi Elena Obraztsova ilikuwa moto huko Moscow. Ilipovuka mpaka, ikageuka kelele. Mwamba ngoma huvutia kwake, na wahakiki wana mikono mirefu.

Christa Ludwig alizaliwa Berlin, akang'ara Vienna, hivyo husifiwa mara mbili kwa Kijerumani kilekile.

Kizungumkuti ni Carmen, opera ya Bizet ya mwaka 1875. Mhusika mkuu, mezo, ni wa Sevilla, maneno ni ya Kifaransa, na Bizet mwenyewe hakuwahi kukanyaga Hispania. Teresa Berganza wa Madrid alipoiimba Edinburgh mwaka 1977, Wahispania walikuwa na damu ya kudai, Wafaransa matamshi. Waitaliano, wenye Giulietta Simionato wao, huuliza tu kwa nini haikuimbwa Kiitaliano.