Kiporo kwa Amri ya Binti

Nyumbani kwangu siku hizi wali hauliwi siku uliyopikwa. Unapikwa jioni, ukipoa unaingia kwenye friji, na kesho yake ndiyo baba mwenye nyumba anapashiwa. Umeme ukikatika usiku kucha tunautupa, maana wali uliolala kwenye joto unaharisha. Nilipouliza kulikoni, binti yangu anayesomea uuguzi akanijibu kwa adabu zote: "Baba, kiporo hiki ni kwa ajili ya wadudu wa tumboni mwako."

Wadudu wangu! Nimelipa karo miaka yote ile ili nije niambiwe kwamba nimepangisha.

Somo lenyewe nimelisikia mpaka nami naweza kulifundisha. Wanga wa kawaida unaishia kwenye utumbo mwembamba, unageuka sukari na kuingia kwenye damu mbio mbio. Lakini ziko nyuzinyuzi ambazo sisi binadamu hatuwezi kuzimeng'enya. Zinapita zilivyo mpaka utumbo mpana, na huko bakteria wanazidaka na kuzichachusha. Hizo ndizo prebayotiki, jina walilolitoa Glenn Gibson na Marcel Roberfroid mwaka 1995. Wali ukipoa, sehemu ya wanga wake hujipanga upya, ukawa mgumu kumeng'enyeka, nao ukaingia kwenye kundi hilo. Hata ukiupasha moto, kiasi fulani kinabaki hivyo hivyo.

Kinachoniuma ni kwamba kiporo nilikikimbia. Utotoni tulikinywea chai ya rangi asubuhi kwa sababu hakukuwa na kingine, na shule ya bweni ilikuwa dona na maharage, maharage na dona. Nilisoma, nikaajiriwa, nikahamia kwenye sembe nyeupe na wali wa moto, nikajua nimefika. Sasa sukari imepanda, mafuta ya damu nayo yamepanda, na dona limerudi mezani likiwa na heshima kunizidi mimi.

Tena elimu hii kwa sehemu ilitoka huku kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda mpaka miaka ya 1960, ndiye aliyerudi kwao na kuwahubiria Wazungu wenzake kwamba watu wa vijijini Afrika, wanaokula vyakula visivyokobolewa, hawasumbuliwi na maradhi mengi ya utumbo yanayowatesa wao. Wao wakaanza kutafuta nyuzinyuzi. Sisi tukanunua mashine za kukoboa.

Shemeji yangu yeye kaja na kikopo cha inulini, unga mweupe uliotengenezwa kwa mizizi ya chikori ya Ulaya. Kwa bei yake ningepata gunia la vitunguu, na inulini hiyo hiyo imo kwenye vitunguu maji na vitunguu swaumu vilivyopangwa mafungu pale gengeni. Nilipomwambia, alinitazama kwa huruma.

Wadudu wakishachachusha, wanatoa asidi tatu: asetati, propionati na butirati. Butirati inalisha kuta za utumbo. Asidi hizi pia zinaamsha chembe zinazotoa homoni ya GLP-1, ambayo inaliambia kongosho litoe insulini na tumbo lisiharakishe chakula. Sawa, nimeelewa. Ila wanatoa na gesi, na hilo binti hakunitangulizia. Nililigundua ndani ya daladala, saa ya foleni, nimebanwa katikati ya mama mwenye ndoo ya dagaa na kijana mwenye vidude masikioni. Konda akapaza sauti, "Fungueni madirisha huko nyuma!" Mama akautazama mfuko wangu, mimi nikaitazama ndoo ya dagaa. Mungu anisamehe, dagaa wale walibeba lawama isiyo yao. Jioni ndipo naambiwa nyuzinyuzi huongezwa kidogo kidogo, na maji mengi.

Kwa upande wa mafuta, kuna uji wa oti, unaovutika kama mlenda. Huo ute ni betaglukani, nao unanasa asidi za nyongo na kutoka nazo. Ini likiona nyongo imepungua, linachota lehemu kwenye damu kutengeneza nyingine. Wamarekani waliruhusu jambo hilo liandikwe kwenye paketi tangu 1997, kwa kipimo cha gramu 3 za betaglukani kwa siku. Hapa sina ubishi, isipokuwa na ladha.

Nikiuliza sukari yenyewe itashuka kiasi gani, ndipo sauti ya mwalimu inapopungua. Kidogo, baba. Zaidi kwa wenye kisukari aina ya pili, na si wote, maana wadudu wa huyu si wa yule. Hiyo propionati inayosifiwa kulizuia ini lisitengeneze mafuta, ushahidi wake mzito zaidi uko kwa panya. Dawa zangu naendelea nazo kama kawaida. Na nilipojenga hoja kwamba, kwa kuwa wali umepoa, basi naweza kuongeza sahani ya pili, nilinyang'anywa hata kijiko.

Juzi mama watoto kashusha mkungu wa ndizi mbichi. Nikachangamka, mtori huo! Kumbe ndizi ikipikwa wanga ule mgumu unalainika, ikipoa ndipo sehemu yake inarudi, kwa hiyo wamepanga mtori ulale kwenye friji. Nimewaambia hilo mpaka daktari aniandikie mwenyewe, kwa karatasi, na mhuri juu yake.