Sifa za Jaji wa Tano

Kila mwaka mashindano ya dansi ya televisheni yakimalizika, shukrani hugawiwa kama pilau ya harusi. Mshindi humshukuru mwalimu wake, mwalimu huwashukuru washona nguo, washona nguo huwashukuru wapiga muziki. Mtu mmoja husahaulika, naye ndiye aliyefanya kazi tangu wiki ya kwanza bila mshahara na bila kunyanyua unyayo: yule aliyekaa kwenye kochi, sahani ya viazi karai mapajani, akamwambia kila mchezaji pale alipokosea. Leo pilau ni yake.

Namjua kwa karibu. Shangazi yangu, mzaliwa wa Mombasa, anaishi mashariki mwa London, na kwa vuli tatu, za 2020, 2021 na 2022, nililala katika chumba chake cha nyuma nikisoma. Jumamosi jioni, Magharibi ikishaswaliwa, ilikuwa ni BBC One na Strictly Come Dancing. Shindano hilo lilianza Mei 2004. Humchukua mtu maarufu asiyejua kucheza, humkabidhi kwa mchezaji wa kulipwa, huwapa siku chache wajifunze walzi au cha-cha-cha, kisha huwasimamisha mbele ya taifa zima. Majaji wanne hutoa alama, kila mmoja kuanzia 1 hadi 10. Shangazi alikuwa wa tano. Hakuwa na kibao cha kuinua, lakini sauti alikuwa nayo.

Tuanze na zana zake. Kanga mbili: moja ya kufunika magoti kwa ajili ya baridi, nyingine begani, ya kujifunika uso mchezaji akiteleza. Chupa ya chai ya tangawizi. Rimoti, ambayo kwa saa mbili haikuguswa na mkono wa mtu mwingine. Na stuli ya kuegeshea miguu, kwa sababu daktari alitaka magoti yapumzishwe. Msiyadharau magoti hayo. Hakuna jaji mkali kama mtu anayeumwa magoti akimtazama mwenye magoti mazima asiyeyakunja.

Elimu yake je? Majaji wa kwenye runinga wamesomea. Craig Revel Horwood amekalia kiti chake tangu msimu wa kwanza, na wakati wa kutoa alama uso wake ni wa mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. Shangazi alimpenda huyo kuliko wote. "Hana unafiki," alisema. Yeye mwenyewe hakusomea popote, ila aliona. Katika foksitroti hatua ya kwenda mbele hutanguliza kisigino. Katika cha-cha-cha mguu hutua kwa mbele ya unyayo, goti hunyooka, na hapo kiuno huzunguka chenyewe bila kulazimishwa. Shangazi hakuwahi kuambiwa hayo. Lakini usiku mmoja bwana mmoja maarufu alipoingia uwanjani na cha-cha-cha yake, shangazi aliweka kikombe chini. "Mtizame! Huyu hachezi, yuwaenda kulipa stima." Nusu dakika baadaye jaji akasema, kwa maneno marefu zaidi, kwamba bwana yule alitanguliza visigino.

Ugomvi wa kudumu ulikuwa juu ya rumba. Rumba ya mashindano huchezwa polepole, watu wawili wakitazamana kama waliotoka kusikia habari mbaya. Shangazi alikua na rumba ya Kongo redioni. Kila msimu alikaa akiisubiri sebene, na kila msimu sebene haikuja. "Rumba gani hii haina gitaa?" Mimi, kwa kiherehere cha mwanafunzi, nikamtolea somo. Nilimwambia kwamba walimu wa dansi wa Ulaya waliichonga rumba yao kutokana na muziki wa Kuba. Kwamba muziki wa Kuba nao ulibeba midundo ya watu waliochukuliwa utumwani, wakiwemo wa kutoka bonde la Kongo. Kwamba santuri za Kuba zilifika Léopoldville miaka ya 1930 na 1940, wanamuziki wa huko wakaitambua damu yao na kuitia magitaa, na Desemba 2021 UNESCO ikaiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote. Halafu akasema, "Basi hawa wameipakua kabla haijaiva."

Wapo wanaodhani kazi hii imezaliwa na televisheni. Hawajui nasaba. Mwishoni mwa karne ya 19, pwani ya Kenya ilikuwa na ngoma ya beni: vikundi vyenye sare za kuiga askari, tarumbeta, vyeo vya kujipa, na uhasama wa kufa mtu. Baadaye beni ikavuka mpaka, na vikundi vya Marini na Arinoti vikashindana katika miji ya Tanganyika. Hapakuwa na meza ya majaji. Mtaa ndio ulioamua nani kashinda, nani kaaibika, nani sare yake ilikuwa ya kuazima, na ukaendelea kubishana mpaka ngoma nyingine ikapigwa. Wanawake nao walikuwa na lelemama zao, na mafumbo ya kupigana humo ndani. Nyanya yake, shangazi husema, alikuwa mcheza lelemama maarufu. Mimi nashuku alikaa pembeni akitoa alama.

Wenye dharau huuliza: maneno ya kochini yana nguvu gani? Yana nguvu ya kumtisha mwenye mamlaka. Katika shindano hili alama za majaji hazihesabiwi zilivyo. Hugeuzwa kuwa nafasi. Wakibaki wachezaji kumi, aliyeongoza kwa majaji hupata pointi 10, anayefuata 9, mpaka wa mwisho na 1 yake. Kura za watazamaji nazo hupangwa hivyo hivyo, kisha hujumlishwa. Wakilingana, kura za watazamaji ndizo hukata shauri. Na siku ya fainali majaji hutoa alama za kuongoza tu. Kikombe hutolewa na makochi.

Mwaka 2008 mwandishi wa habari za siasa John Sergeant, mwenye miaka 64, aliingia uwanjani. Alimkokota mwenzake, Kristina Rihanoff, sakafuni kama mtu anayehamisha zulia. Majaji walimpa alama za chini wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki wananchi wakamrudisha. Mwishowe, Novemba mwaka huo, alijitoa mwenyewe, akieleza kwamba sasa kulikuwa na hatari ya kweli ya yeye kushinda. Nitajieni mchezo mwingine ambao mtu amekimbia ushindi. Miaka miwili baadaye Ann Widdecombe, waziri wa zamani, naye aliburutwa sakafuni na Anton Du Beke, na taifa likampigia kura kwa furaha. Shangazi alisimulia visa hivyo viwili kama watu wengine wanavyosimulia uhuru.

Sifa nyingine ya jaji wa tano ni kwamba hafungwi na hukumu zake. Oktoba 2020, mchekeshaji Bill Bailey alipotokea, upara mbele na nywele ndefu nyuma, miaka 55, shangazi alijifunika kanga. "Huyu babu wamemtoa wapi? Tatu." Desemba, Bailey na mwalimu wake Oti Mabuse, binti wa Afrika Kusini, wakatwaa kikombe, naye akawa mshindi mzee kuliko wote waliotangulia. Shangazi akatugeukia sote sebuleni. "Si niliwaambia?" Hatukubisha. Angekuwa anakumbuka hukumu zake zote, angeogopa kutoa nyingine, na Jumamosi zetu zingekufa.

Wala haoni aibu ya upendeleo. Mwaka 2022 mpiga picha za wanyamapori Hamza Yassin, mzaliwa wa Sudan, mtu wa mwili mkubwa aliyemwinua mwenzake kama mtu anavyoinua mto wa kulalia, alipata kumi za shangazi kabla muziki haujaanza. Nilipouliza kwa kigezo gani, aliniuliza kama mimi ni Mwingereza. Hamza alishinda, kwa hiyo kesi hiyo nayo ilifungwa.

Nimtaje pia mjomba wangu, ambaye ni wa aina ya pili ya jaji wa tano: yule anayekana. Alikuja kila Jumamosi "kusubiri mpira tu", akakaa na gazeti lililofunguliwa ukurasa uleule kwa dakika tisini. Jioni moja shangazi alisifu foksitroti nzuri. Gazeti likasema, "Hiyo si foksitroti. Ni kwikistepu." Kisha likageuza ukurasa kwa mara ya kwanza.

Najua pingamizi. Watu husema: kama unajua sana, inuka wewe ukacheze. Hoja hiyo ni ya mpishi aliyekamatwa. Anayetafuna kokoto ndani ya wali haulizwi kama anajua kupika. Anaulizwa kama jino limepona. Na wahenga waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame walikuwa wakimsema mwenye kutaka kikombe. Shangazi hakutaka kikombe. Alitaka mabega yashuke.

Lakini sifa yake kubwa niliiona siku alipokosa la kusema. Ilikuwa Novemba 2021. Rose Ayling-Ellis, mwigizaji asiyesikia, alikuwa anacheza na Giovanni Pernice. Katikati ya dansi muziki ulikatwa. Kwa sekunde chache wale wawili wakaendelea kucheza katika ukimya mtupu, hatua kwa hatua, pamoja, ili nasi tuonje jinsi Rose anavyoishi. Shangazi alikuwa na kiazi mkononi. Hakikufika kinywani, hakikurudi sahanini. Katika vuli tatu, hizo ndizo sekunde pekee za kipindi nilizopata kusikia saa ya ukutani. Muziki uliporudi alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akasema vumbi la hita. Rose alishinda mwaka huo, na mwaka 2022 ukimya ule ukapata tuzo ya BAFTA ya tukio la kukumbukwa, tuzo inayopigiwa kura na watazamaji. Yaani na kina shangazi.

Ndipo nikaelewa nilichokuwa nakitazama muda wote huo. Mtu hawezi kunyamaza vile kwa jambo ambalo hakuwa analitazama kwa macho yote mawili. Siku hizi ni wachache wanaokutazama hivyo. Unaongea, mwenzako anaitikia "mm" huku kidole chake kinapandisha simu. Shangazi hakuwahi kumpa mchezaji "mm". Alimwita mende, akamwita mchi, akamwambia ana saruji kiunoni, akamtuma kulipa stima, lakini alimpa pia macho yake kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, hata yule aliyestahili moja.

Nilithibitisha mwenyewe, kwa bahati mbaya. Usiku wa fainali ya 2022, nikiwa nimemcheka mtu kwa sauti kubwa mno, mjukuu wa shangazi, wa miaka tisa, aliniburuta mpaka katikati ya zulia. Alizijua hatua zote za cha-cha-cha kwa kutazama. Mbili za taratibu, tatu za haraka, alinihesabia, mbili za taratibu, tatu za haraka. Kutoka kochini hesabu hiyo ni ya chekechea. Kutoka kwenye zulia, kila hesabu ilipofika tatu mguu wangu ulikuwa bado kwenye moja. Mabega yakanipanda masikioni. Nikapiga teke stuli, chai ikamwagika, mtoto akasema "endelea", nami nikaendelea, jasho likinitoka London mwezi wa Desemba. Nilipoinua macho niliona shangazi ameweka rimoti chini. Hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama miguu, kwa makini, kama alivyomtazama Hamza.

Muziki ulipokwisha nilisimama nikihema, nikangoja. Mjomba alishusha gazeti. Shangazi alijifikiria kidogo, akarekebisha kanga ya magotini, akatoa hukumu.

"Tatu," alisema. "Na mbili ni za soksi."