Heko kwa Bingwa wa Jioni

Kaunti ya Tana River ina mto mrefu kuliko yote nchini, ina maembe, ina ng'ombe, na katika kila kibanda cha mpira cha Garsen ina mtu mmoja ambaye hatujampa shukrani anazostahili. Ni yule wa benchi la mbele. Ametoka uwanjani sasa hivi, vumbi limemganda shingoni, kandambili ameziweka pembeni, na soksi moja bado iko mguuni. Kiingilio ni shilingi 50, na zipo siku ambazo hata yeye hulipa. Sisi wengine tumekuja kutazama mpira; yeye amekuja kuusahihisha.

Wa kibanda chetu tunamwita Kocha, ingawa hakuna aliyewahi kufundishwa naye. Cheo chake kimesimama juu ya maneno manne: "Mimi mwenyewe huwa nacheza." Baada ya hayo hakuna hoja inayopita. Mtangazaji wa televisheni anazungumza akiwa ameketi kwenye kiti cha kuzunguka; Kocha anazungumza akiwa na ugoko uliochunika saa kumi na moja jioni ya leo. Kijana mmoja mkorofi alimuuliza mbona basi hakwenda kuchezea klabu ya Bandari, Mombasa ni safari ya siku moja tu. Kocha akamjibu kwa upole: "Goti." Goti lenyewe huwa la kulia wakati wa kiangazi na la kushoto mvua zikianza, lakini mtu mwenye adabu haulizi mambo ya mwili wa mwenzake.

Huduma yake huanza kabla ya filimbi. Timu ya taifa, Harambee Stars, wakijipanga na wimbo wa taifa ukipigwa, Kocha hutukumbusha kwamba sauti ile ni yetu, imetoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, ikachukuliwa mwaka 1963 nchi ilipokuwa ikipata uhuru. Hilo ni kweli tupu. Analolijenga juu yake ni lake mwenyewe: kwamba wachezaji wanaingia uwanjani wakiwa tayari na deni la Tana River. "Wanabembelezwa na nyanya zetu," husema, "halafu wanashindwa kulenga goli."

Lakini siku aliyong'ara kuliko zote ni tarehe 22 Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Kenya na Madagaska pale Kasarani, Nairobi. Dakika 120 ziliisha 1-1, zikaja penalti, tukatolewa 4-3. Watu wazima walishika vichwa. Muuza kahawa alisahau kudai pesa zake. Kocha peke yake ndiye aliyekuwa na nguvu ya kusimama, akageuka kuikabili hadhara, akatangaza: "Penalti haikoswi. Mimi tangu nizaliwe sijakosa penalti."

Wapo waliomwona mwongo usiku ule, na ningependa kumtetea hadharani. Ni kweli hajawahi kukosa. Nimemtazama akipiga mara nyingi, na kila moja imeingia.

Sheria za mpira zinataka goli lenye upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44, na mpira uwekwe mita 11 kutoka mstarini. Goli la kwetu ni boriti mbili za mikoko zisizo na mtambaapanya, kwa hiyo mpira haupiti juu. Ukienda angani sana, hilo ni suala la majadiliano, na Kocha ni hodari wa majadiliano. Umbali hupimwa kwa hatua 12, na mpimaji ni yule mwenye miguu mifupi kuliko wote katika timu inayopiga. Mpira umekwenda kwa fundi wa baiskeli mara kadhaa kuzibwa, na pale ulipozibwa una nundu, hata mpigaji mwenyewe hujua ulikokwenda baada ya kufika. Kipa ni aliyechelewa kufika. Na ardhini, mbele ya goli lote, pametapakaa miiba ya mathenge, ule mti ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa nao ukazuia na vitu vingine vyote. Mwiba wa mathenge hupenya soli ya kandambili, ukaingia kisiginoni, ukakutafuta usiku umelala. Hakuna kipa mwenye akili timamu atakayeurukia mpira kwa ubavu. Husimama katikati, mikono juu, akausindikiza mpira kwa macho hadi upite, kisha hugeuka kuutafuta vichakani.

Sasa tuwe waadilifu. Kocha amecheza miaka mingi na hajamwona kipa akiruka. Kasarani kuna nyasi, na kipa wa kulipwa huamua upande wa kurukia kabla mguu haujagusa mpira, maana shuti likipigwa sawasawa hufika langoni chini ya nusu sekunde. Ndiyo maana wachezaji wa kulipwa, popote duniani, hukosa karibu penalti moja katika kila nne. Kocha huisikia takwimu hiyo kwa huruma. Kwake yeye kukosa penalti ni kama kukosa mdomo wakati wa kula. Hata Asamoah Gyan, aliyegonga mwamba dhidi ya Uruguay tarehe 2 Julai 2010 dakika ya mwisho kabisa, Afrika nzima ikiwa imesimama, tatizo lake Kocha alilitatua zamani: lile kwetu ni bao, mtambaapanya wa kugonga uko wapi?

Akikosa yeye wakati mchezo ukiendelea, hilo ni jambo jingine, pana sababu. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wanapita na mmoja akasimama kwenye nafasi ya beki. Udongo mweusi umepasuka kwa jua, mguu umezama kwenye ufa. Au ni Novemba 2023, mafuriko yamepanda na uwanja wenyewe umekuwa ziwa. Sababu hizi ni nzito na nazikubali zote. Uzuri wa hesabu yake ni kwamba sababu hizi hazisafiri kwenda Nairobi. Wale wa kule wana nyasi, wana viatu, wana mshahara, na ng'ombe hawana. Wakikosa, basi wamependa. Kwa hiyo kadiri uwanja wetu unavyokuwa mbovu ndivyo mshambuliaji Olunga wa Harambee Stars anavyokosa utetezi. Ningemwomba gavana asiutengeneze, maana uwanja ukiwa mzuri tutabaki na nini cha kusema?

Wala usidhani utaalamu wake ni wa miguu tu. Kuna shule yenye ringi la mpira wa kikapu, na muhula wa kwanza ukiisha, michezo ya shule ikipita, vijana wa mjini huingia jioni kucheza. Ringi kwa sheria linatakiwa kuwa mita 3.05 kutoka chini. La pale limening'iniwa na vizazi vya wanafunzi mpaka limeinamisha kichwa, na mtu wa kimo cha Kocha akipiga mbio kidogo huweka mpira ndani kwa mkono, kisha hushuka akitazama kama kuna aliyeona. Chini ni mchanga. Mpira ukidundwa hubaki hapo hapo ulipoangukia. Matokeo yake Kocha hajawahi kudunda mpira maishani; hupokea, hugeuka, hutoa pasi. Na mtu ambaye hajawahi kudunda huuona udundaji kuwa ni maringo. Akionyeshwa wachezaji wa Marekani wakiuvusha mpira kati ya miguu, hutikisa kichwa: "Anauchelewesha tu. Mwenzake yuko wazi."

Februari 2021, mjini Yaoundé, Tylor Ongwae alirusha mpira wa mwisho kabisa ukaingia, Kenya ikaifunga Angola 74-73. Angola wakati huo walikuwa wamekuwa mabingwa wa Afrika mara 11, na mwaka huo Kenya ikacheza AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Nchi ilikuwa ikitumiana kipande kile cha video siku nzima. Kocha alikitazama kwenye simu ya mtu, akakirudisha nyuma, akakitazama tena, akarudisha simu. "Alikuwa na nafasi ya kumpa mwenzake," alisema.

Kuna watu wa mbali waliowahi kujaribu kumnyamazisha mtu wa aina yake kwa vitendo. Mwaka 2013 mjini Boston, Brian Scalabrine, mchezaji wa akiba ambaye katika maisha yake yote ya NBA alifunga wastani wa pointi 3.1 kwa mchezo na ambaye mashabiki walimfanya kichekesho, alikaribisha wachezaji wa mitaani wanaojiona wakali wacheze naye mmoja mmoja. Aliwatandika wote. Nilimsimulia Kocha kisa hiki nikidhani kitamtia simanzi. Akaniuliza sakafu ilikuwa ya nini. Nikamwambia ya mbao. "Basi," akasema, na nikaona kwamba kesi imekwisha.

Ila lipo jambo moja ambalo Kocha hulijua kutuzidi, na ni haki lisemwe. Mechi ikifika dakika za nyongeza na mchezaji fulani akaanza kutembea, mikono kiunoni, mpira ukimpita, kibanda kizima humtukana, na wanaomtukana zaidi ni wale ambao zoezi lao la mwisho lilikuwa kukimbilia matatu ya Malindi. Hapo Kocha hutulia. "Mwacheni," husema kwa sauti ya chini. "Huyo ana kichomi." Anakifahamu kichomi. Alikuwa nacho saa mbili zilizopita, na atakuwa nacho kesho. Kipaji cha mtu hana habari nacho, hofu ya kupiga penalti mbele ya watu maelfu hajawahi kuionja, lakini ubavu unaochoma anaujua kila unyuzi wake, na kwa mwenye ubavu huo ana huruma isiyo na mpaka. Uwanja wake umemfundisha kile tu ulichokuwa nacho cha kufundisha. Sisi wengine hata hicho hatuna.

Mwenye kibanda naye ana sababu zake za kumpenda. Stima ikikatika, kama inavyokatika, watazamaji wa vibanda vingine hudai pesa zao na kwenda nyumbani. Wa kwetu hubaki. Kocha huendelea na mechi gizani, anaipeleka mbele kwa mdomo, anafanya mabadiliko mawili ambayo kocha halisi alikuwa anachelewesha, anamtoa winga mchoyo, anapiga kona na kufunga kwa kichwa. Majuzi stima ilirudi dakika ya 85, kioo kikaonyesha 0-0, na Kocha akamgeukia mwenye kibanda akitaka kujua ni nani aliyelifuta bao lake.