Jinsi ya Kulinyamazisha Gazeti la Milimani kwa Hatua Tano

Mheshimiwa, hongera kwa kuchaguliwa. Mambo yako safi, ila kuna kigazeti cha wiki kinauliza uliza fedha za shule zimekwenda wapi. Usikose usingizi. Dawa zote zimeshajaribiwa Whitesburg, mji mdogo wa makaa ya mawe katika milima ya mashariki mwa Kentucky, Marekani, dhidi ya gazeti liitwalo The Mountain Eagle.

1. Wafungie mlango. Tom na Pat Gish, mtu na mkewe, walilinunua gazeti hilo mwaka 1956, wakaanza kuhudhuria vikao vya bodi ya shule na vya kaunti, kalamu mkononi. Wakubwa wakapiga marufuku waandishi. Iga mfano huo, lakini ujue wananchi wataanza kuuliza mnaficha nini, hata wale ambao hawakujua kama mna vikao.

2. Wakaushie matangazo. Pita kwa wenye maduka, uwanong'oneze kwamba wale ni wakomunisti. Enzi zile neno hilo lilitosha kabisa. Matangazo yatapungua kweli. Shida ni wasomaji: hao wanataka kujua nani kaoa, nani kazikwa, na nani kasemwa kwenye safu ambayo mtu hupiga simu, akatoa dukuduku lake bila kutaja jina. Raha kama hiyo huwezi kuigomea.

3. Waseme hawana adabu. Ushahidi unao: kaulimbiu ya zamani ililitambulisha gazeti kuwa la kirafiki, lisilo la chama. Wenye gazeti wakaifuta, wakaandika: “Linapiga mayowe!” Litangaze ovu hilo kila kona. Watu watalinunua ili walilaani kwa ushahidi.

4. Tia kiberiti. Agosti 1974, baada ya gazeti kuandika jinsi polisi walivyowatendea vijana wa mji, ofisi yake iliteketea. Askari wa mji huohuo akapatikana na hatia ya kupanga uchomaji. Kina Gish wakahamishia kazi nyumbani kwao, na toleo lililofuata likatoka na kaulimbiu iliyoongezwa neno moja: “Bado linapiga mayowe!” Kiberiti ni rahisi, mheshimiwa, lakini mwenzio alilifanyia gazeti tangazo ambalo wenye maduka wasingeweza kulilipia.

5. Vuta subira. Mhariri naye ni binadamu. Ipo siku atakwenda. Tom Gish alifariki mwaka 2008, baada ya zaidi ya nusu karne ya kuwakera wakubwa. Gazeti halikwenda naye, kwa kuwa mwanawe aliendelea kulihariri. Kwa hiyo, kama nawe unaandaa kijana wako akurithi kiti, mkabidhi mwongozo huu mapema.