Malezi ya Chini ya Mnazi: Mikasa Midogo ya Utotoni katika Mashamba ya Kaole

Katika mashamba ya familia ya Kaole, kijiji kilicho kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, mtoto huanza kuishi na mnazi kabla hajajua jina lake, kwa kuwa paa analolala chini yake limeezekwa kwa makuti, moto unaochemsha uji wake huwashwa kwa makumbi na vifuu, na ufagio wa uani hufungwa kwa chelewa, yaani njiti za katikati ya majani ya mnazi, ambazo mtoto akikosea hupewa kazi ya pili bila kubadilishiwa umbo. Wageni wafikao Kaole huja kutazama magofu ya msikiti wa karne ya 13 pamoja na makaburi ya mawe yaliyouzunguka, na wengi huondoka wakiwa wamekunywa dafu, lakini ni wachache wanaouliza dafu hilo lilifikaje mkononi mwao. Jibu la swali hilo limo katika maisha ya watoto wa mashamba hayo, na hasa katika mikasa midogo ambayo haijaingia katika historia yoyote ya Pwani, ingawa husimuliwa upya kila ukoo unapokutana arusini au msibani, mhusika akiwepo na akiombwa athibitishe.

Elimu ya kwanza ya mtoto wa shamba ni ya umri wa tunda. Tunda changa lililotoka tu kwenye ua huitwa kidaka, na vidaka vingi hupukutika vyenyewe. Likikua kidogo huwa kitale. Likijaa maji matamu, kwenye mwezi wa sita au wa saba, huwa dafu. Nyama yake ikianza kukaza na maji kuchachuka kidogo huwa koroma. Na likitimiza takriban mwaka mmoja ndipo linapostahili kuitwa nazi. Mtu mzima huzitofautisha hatua hizi kwa kutazama rangi na kugonga kwa ukucha, ilhali mtoto aliyetumwa madafu ya wageni huleta makoroma, wageni wakayanywa kwa adabu huku wakitazamana, na kesho yake akitumwa nazi ya mchuzi huleta makoroma yaleyale, mchuzi ukatoka mwepesi na lawama zikamwendea mpishi. Koroma halitakiwi na mnywaji wala na mpishi, lakini kwa sababu ambazo wataalamu wa kilimo hawajazieleza, ndilo lililo karibu na mkono wa mtoto siku zote.

Hatua inayopendwa na watoto kuliko zote huja baada ya nazi kukomaa, pale inapoanza kuchipua na ndani yake kujaa joya, ambalo ni bonge jeupe, laini na tamu, linalofyonza maji na nyama ya nazi ili kulisha mche. Kwa kuwa nazi huhitaji miezi kadhaa kufikia hapo, na kwa kuwa hakuna mzazi anayekubali nazi ya kuuza iachwe iote, watoto huzificha nyuma ya jiko au chini ya rundo la makumbi, kisha huzisahau. Hapo ndipo wizi huu unapotofautiana na wizi mwingine wote, kwani kidhibiti chake hakikai kimya, bali huchipua, hutoa majani mabichi mbele ya macho ya babu, na kumlazimisha mtuhumiwa aeleze jinsi minazi miwili ilivyojipanda yenyewe kwa mstari ulionyooka nyuma ya jiko.

Somo la pili linahusu mvutano wa dunia. Mnazi mrefu wa Pwani, ambao huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi au zaidi na huweza kuishi miaka 60 na kupita, hufikia kimo cha mita 20, na nazi inayodondoka kutoka huko hufika chini kwa mwendo wa takriban kilomita 70 kwa saa, ambao ni mkubwa kuliko kilomita 50 zinazoruhusiwa kwa gari linalopita katikati ya makazi, ingawa hakuna askari wa usalama barabarani aliyewahi kuipiga tochi. Mtoto huambiwa kwa sababu hiyo asisimame chini ya mnazi anapokwea mkwezi, yaani fundi wa kuangua nazi. Tatizo ni kwamba mtoto huyohuyo amefundishwa kuwa mkubwa haamkiwi kwa mbali wala kwa kupiga kelele, na mkwezi, akiwa mtu mzima, ana haki ya shikamoo yake hata akiwa kileleni. Matokeo yake ni kwamba mtoto mwenye heshima husogea hadi shinani, hutazama juu na kusema, «Shikamoo babu!», na jibu linaloshuka ni «Marahaba mjukuu, ondoka hapo!», likifuatana na kole zima la nazi ambalo lilikuwa limekwisha kukatwa kabla salamu haijaanza.

Kukwea kwenyewe hujifunzwa kwa siri, kwa kufuata vidato, yaani ngazi ndogo zilizochongwa katika shina kwa panga. Vidato vya kupandia huonekana vizuri, kwa sababu macho hutangulia mikono. Vya kushukia havionekani kabisa, kwa sababu macho yapo juu na miguu inapapasa chini. Methali isemayo kwamba mpanda ngazi hushuka ina ukweli wake mahali pengine, lakini mtoto aliyekwama katikati ya mnazi huikanusha mpaka mjomba aitwe, na akishuka kwa kukumbatia shina huacha sehemu ya ngozi ya kifua juu yake, kisha husingizia kwamba alianguka akicheza mpira.

Juu huko, isitoshe, kuna wenyeji. Majimoto ni chungu wakubwa wa rangi ya hudhurungi ambao hushona majani mabichi kuwa viota, wakitumia hariri itokayo kwa mabuu wao, na ambao huwang'ata wadudu wanaofyonza vidaka na kusababisha vipukutike kabla ya wakati. Watafiti waliofanya kazi chini ya mpango wa taifa wa kuendeleza minazi, ulioanza mwaka 1979, waliwachunguza chungu hawa kama walinzi wa mazao, na njia mojawapo ya kuwasaidia ni kufunga kamba kutoka mti mmoja hadi mwingine ili wavuke bila kushuka chini. Mzee wa shamba huiona kamba hiyo kuwa daraja la askari wake, ilhali mtoto huiona kuwa uzi wa tiara uliosahauliwa na mtu asiyejua thamani yake, na akiivuta hupata uzi pamoja na askari waliokuwa zamu. Tofauti baina ya mdudu mharibifu na mtoto wa mwenye shamba haijawahi kuwashughulisha majimoto.

Nazi ikishaanguliwa hupelekwa kwenye kifuo, ambacho ni mti uliochongwa ncha na kuchomekwa ardhini ukiwa umesimama, ili nazi ipigwe juu yake, izungushwe kidogo na kuinamishwa mpaka kumbi lichanuke. Fundi humaliza kwa mapigo matatu au manne bila kukatisha mazungumzo. Mtoto, kwa upande wake, huipiga nazi pembeni, ikateleza na kuviringika hadi kwa jirani. Akairudisha na kuipiga kwa nguvu zaidi, ncha ikapenya kumbi na kifuu pamoja, na maji yakamrukia shati jeupe la shule, ambalo tangu hapo hubaki na doa la kahawia lisilosikia sabuni. Nazi hiyo iliyotobolewa haiuziki tena, kwa hiyo huhamishiwa jikoni, kwenye mbuzi, kibao chenye ulimi wa chuma wenye meno, ambapo mtoto hukalishwa aikune mwenyewe, na sheria ya jikoni husema kwamba atakayekuna mpaka kifuu kikachanganyika na chicha atalitambua kosa lake kwa meno, saa ya kula wali.

Mikasa hii huongezeka sikukuu zinapokaribia. Kabla ya Ramadhani, Idi na Maulidi, na pia kabla ya Krismasi, ambayo Bagamoyo imeijua vizuri tangu misheni ya Wakatoliki ilipoanzishwa mwaka 1868, kila nyumba hutaka tui, wachuuzi wa Dar es Salaam hufika na magari yao, na watoto wa shamba huhesabu, hufua na kubeba wakati wenzao wanapima nguo mpya. Hali hiyo haiko Pwani pekee, kwani katika majimbo ya Oregon na North Carolina nchini Marekani zipo familia zinazopanda miti ya Krismasi, ambayo hutunzwa kwa miaka 7 hadi 10, hukatwa mara moja tu na kuuzwa katika wiki chache za mwisho wa mwaka, kwa hiyo sikukuu ya wateja huwa msimu wa jasho kwa wenye shamba. Mnazi una huruma zaidi kwa sababu huvunwa miaka mingi bila kukatwa, lakini kanuni ya biashara ni ileile: mchuuzi huchagua kwanza.

Kutokana na kanuni hiyo, wali wa Idi katika nyumba ya mwenye minazi hupikwa kwa nazi zilizotobolewa na kifuo, zilizokatwa na panga, zilizoanza kuota na zile zilizokuwa makoroma zikadhaniwa nazi, na wali huo huliwa ukaisha. Kwa hiyo msomaji anayenunua nazi sokoni, akaitikisa sikioni kama desturi ilivyo ili asikie maji, aendelee na uangalifu wake bila aibu. Ikilia, ailipie, na isipolia, airudishe, kwani wapo watoto Kaole wanaojua kuila.