Ashinde kwa Kiasi

Wanaolalamika kuhusu mwendesha baiskeli Mholanzi Mathieu van der Poel wana haki kabisa. Mtu mzima anatwaaje ubingwa wa dunia wa saiklokrosi, mbio za baiskeli za topeni, kwa mara ya saba huko Liévin, Ufaransa, Februari 2025, akaifikia rekodi ya Mbelgiji Eric De Vlaeminck, bila hata kutuomba radhi? Tumesimama kwenye tope na baridi, bia mkononi, yeye mzunguko wa kwanza haujaisha ameshatoweka. Wenzake wengi wakifika kwenye mbao zilizowekwa kuziba njia hushuka na kunyanyua baiskeli, kama watu waliolelewa. Yeye anaziruka nayo!

Huko Hulst, Uholanzi, Desemba 2023, waungwana fulani walijaribu kumfunza adabu kwa kumzomea. Akawatemea mate. Akatozwa faini ya faranga 250 za Uswisi, na ni halali yake, mate ni uchafu. Kuzomea, tunashukuru, bado ni bure.

Na mfano mwema anao nyumbani. Babu yake mzaa mama, Raymond Poulidor, alipanda jukwaa la Tour de France mara 8 asivae jezi ya njano ya anayeongoza hata siku moja, na Wafaransa wakampenda mpaka anaingia kaburini. Huo ndio ustaarabu. Mjukuu kaurithi wapi ulafi huu?

Hatudai makubwa. Pancha moja kila Jumapili ingetosha. Ila asije akasusa, akabaki Hispania na mazoezi yake ya juani. Hapo tutadai turudishiwe viingilio.