Namna ya Kuhesabu Bundi Karagwe Bila Kuitwa Mchawi

Wenzetu wa Ulaya na Marekani, majira ya kuchipua yakifika, hujikunyata kando ya barabara usiku wakisikiliza bundi wanaotafuta wenza. Karagwe na Kyerwa tuna masika na vuli, na mvua ikishapiga majani ya migomba husikii hata jirani akigombana na mkewe. Chagua usiku mkavu usio na upepo.

Ila kwanza nenda mchana kwa mwenyekiti wa kitongoji, umweleze kwamba utazunguka mashambani usiku ukitafuta bundi. Atanyamaza kidogo, kisha atauliza posho ni kiasi gani. Usithubutu kusema unajitolea. Mtu mzima, akili timamu, azunguke usiku na bundi, tena bure? Anayefanya kazi hiyo bila malipo kijiji kinamjua. Sema ni utafiti. Na kama yupo mzee anayekushuku kuliko wote, mkabidhi yeye daftari: mchawi hupewa mwana alee.

Usibebe ungo, hata kama mama mkwe amekutuma.

Ukifika mahali pa kusikilizia zima tochi, simama kimya dakika kadhaa, andika saa, mahali na upande sauti ilikotoka, kisha sogea mbele. Bundi wa msituni huitana dume na jike, jike kwa sauti ya juu zaidi. Sauti mbili basi ni kaya moja. Kijijini huhesabiwa kuwa misiba miwili. Yule mweupe mwenye uso wa umbo la moyo, mpangaji wa dari za makanisa na maghala, haiti bali hupiga ukelele wa kuamsha ukoo mzima. Chakula chake ni panya, wale wale wanaomaliza mahindi yako. Shukrani tunayompa ni mawe, na dawa ya panya inayomuua naye akimla panya aliyekwisha kuionja.

Kuna wanaopiga rekodi ya sauti ya bundi kwenye simu ili wajibiwe. Punguza. Ndege hudhani mvamizi ameingia kwake, akaacha kiota aje kupigana. Na usijaribu kabisa karibu na nyumba yenye mgonjwa. Akizidiwa, utafiti wako utajadiliwa matangani.

Ukiwasha tochi, soma macho. Mekundu yanayoruka tawi hadi tawi ni ya komba. Yasiyoruka, na yanayokohoa, ni ya mwenye shamba, msalimie haraka. Kuelekea Murongo, karibu na Mto Kagera, unaweza kupishana na pikipiki isiyowasha taa, imesheheni magunia ya kahawa, inaiwahi bei ya Uganda. Dereva wake naye ni kiumbe wa usiku, lakini hana nafasi kwenye daftari lako. Usimmulike. Doria ikitokea nyuma yake, hapo ndipo utajua ugumu wa kumshawishi askari kwamba umekuja kwa ajili ya bundi.

Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe ni hifadhi za taifa tangu 2019. Bila kibali usiingie usiku. Fisi hasomi barua za utambulisho.

Msimu rahisi kuliko yote ni wa senene, hasa Novemba. Watu wamejaa nje na mataa, mabati na mapipa, watoto hawalali, na hakuna anayemuuliza mwenzake anatafuta nini gizani. Bundi wa msituni naye hula wadudu, kwa hiyo mko kwenye shughuli moja. Kasoro ni kelele za majenereta, na kwamba msaidizi wako ataacha daftari akajaze ndoo. Mwache, maana yeye angalau atarudi nyumbani na kitoweo.

Asubuhi mpelekee mwenyekiti matokeo. Hatauliza bundi wako wangapi. Atauliza ni wa nani.